Kigari cha Mize

Hapo zamani za juzijuzi, katika nchi iitwayo Mbioni, palikuwa na wanawake wawili waliopakana ua. Msijisumbue kuitafuta Mbioni. Iko mbali, na anayedhani anaijua amekosea, maana serikali yake ilikwisha kutangaza redioni kwamba haifanani na serikali yoyote duniani. Jina hilo ilipewa kwa sababu ya wakubwa wake. Ukiwauliza barabara, walikuwa mbioni kuijenga. Ukiwauliza maji, walikuwa mbioni kuyaleta. Wananchi nao, watu wa adabu, walikaa pembeni wasije wakawazuia watu wanaokimbia.

Idara moja tu haikujua kuchelewa, nayo ni Idara ya Kijicho. Sheria yake ilikuwa fupi. Mwananchi akiona jirani ana kitu ambacho yeye hana, na roho ikamuuma, alikuwa na haki ya kwenda idarani kusonya. Si kuandika barua, si kuleta shahidi. Kusonya tu, mbele ya Mpima Misonyo, bwana mwenye masikio mapana aliyepelekwa ng'ambo kusomea kazi hiyo. Msonyo ukithibitika kuwa wa kweli, kitu cha jirani kilifungwa lakiri siku hiyohiyo, kikakaa hivyo mpaka mwenye kuumwa roho apatiwe kinachofanana nacho, na akiri kwa kinywa chake kwamba kimefanana. Usawa ulioje! Walikuwepo wenye midomo mirefu waliosema kwamba anayeshinda akichungulia ua wa jirani hapati nafasi ya kuchungulia ua wa Rais. Hao walikuwa wanaionea wivu idara.

Basi, wanawake wetu wawili ni Kidawa na Mize. Walikuwa mashoga tangu enzi za kucheza mchanga, wakaolewa mtaa mmoja, na ua uliowatenganisha waliutoboa wenyewe ili sahani za futari zisizunguke njia. Walijifungua mwezi mmoja: Kidawa akampata Riziki, binti, na Mize akampata Khatibu. Kidawa aliposhikwa na homa ya uzazi, Mize ndiye aliyewanyonyesha watoto wote wawili, huyu ziwa hili, yule ziwa lile, na hakumsimulia mtu. Kidawa hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Alikuwa na Mize, na mwenyewe akisema kwamba Mungu alimlipa kwa kumpunja kwingine.

Sasa mume wa Mize alikuwa baharia wa meli za mbali, mtu wa kuonekana nyumbani kwa msimu. Siku hiyo hakuja yeye, ilikuja boksi yake. Mize akaifungua uani, na ndani yake mkatoka kigari cha mtoto cha kusukuma. Kilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, chembamba cha kupita mlangoni bila kugusa fremu. Kilikuwa na kitambaa cha kijani na kipaa cha kumkinga mtoto jua. Halafu palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, kigari chote kinajikunja na kuwa kidogo, unakisukumia uvunguni mwa kitanda, habari imekwisha.

Kidawa alikitazama, na kitu kikamuuma rohoni. Alijua ni nini. Kilikuwa kijicho, tena kijicho kikavu, hakina hata huruma ya kumsingizia mtu mwingine. Lau Mize angejitapa kidogo, angalau pangekuwa na pa kumshikia. Lakini Mize alimchukua Riziki mgongoni mwa mama yake, akamketisha kwenye kigari kabla ya mwanawe mwenyewe, akisema apande dada kwanza. Riziki akacheka kicheko ambacho Kidawa hakuwahi kukisikia. Alipotolewa akalia hadi akakaukiwa sauti, na mama yake akamrudisha mgongoni, akaikaza kanga kuliko ilivyohitaji kukazwa.

Wakaanza kwenda sokoni pamoja kama zamani, ila si kama zamani. Mize alisukuma kwa vidole viwili, kanga begani, usoni hana hata tone la jasho. Kidawa alifuata na mzigo wake mgongoni. Akina mama walimwamkia Mize kwanza, wakauliza habari za kigari, habari za Khatibu, habari za baba Khatibu huko baharini. Zikifika kwa Kidawa habari zimeshapoa. Mwuza bamia mmoja, macho hayaoni vizuri, akamuuliza Mize huyu yaya wake amempata wapi, maana anaonekana ana nguvu. Mize akacheka, akasema huyu si yaya, huyu ndiye mwenye nyumba ya moyo wake. Maneno mazuri hayo. Lakini alianza kwa kucheka, na Kidawa alirudi nyumbani na kile kicheko tu, maneno akayaacha sokoni.

Mumewe, Makame, mtu mpole asiyeelewa mambo, alimshauri amwombe Mize amwazime kigari siku mojamoja. Kidawa alimtazama kwa huruma. Kuomba, katika nchi ya Mbioni, ilikuwa aibu. Kusonya ilikuwa haki ya mwananchi.

Akaenda idarani kesho yake. Mpima Misonyo alimkalisha, akafumba macho, akamwomba akifikirie kile kitu pole pole, gurudumu baada ya gurudumu. Kidawa akalifikiria la mbele, akayafikiria ya nyuma, alipofika kwenye kicheko cha sokoni akasonya. Kioo cha dirisha kikatetemeka. Mpima akafumbua macho, akampongeza kwa mkono, akamwambia huo ulikuwa msonyo wa daraja la kwanza, umetoka moja kwa moja kwenye nyongo, na kwamba vijana wa siku hizi hawasonyi hivyo tena. Kidawa alijisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu boksi ile ifunguliwe.

Kabla ya adhuhuri, ving'ora vililia mtaani. Aliyekuja ni Mheshimiwa Pandu Mapana, Naibu Mkurugenzi wa Kijicho, kitengo cha Vitu vya Magurudumu, na nyuma yake wapambe, mpiga picha na mbeba lakiri. Mize aliwatolea viti wote, akawatilia chai. Kigari kikawekwa katikati ya ua, kikafungwa lakiri nyekundu kwenye kila gurudumu, naye Mheshimiwa akasimama kuhutubia kuku na majirani.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta. Sisi tuna roho zinazotuuma, na hakuna beberu atakayekuja kuzichimba akaondoka nazo. Leo Bi Kidawa ameumwa roho kwa niaba yenu nyote."

Watu wakapiga makofi. Mize alikuwa amemshika Khatibu kiunoni, akamtazama Kidawa mara moja kupitia tundu la ua, halafu akamtilia Naibu kikombe cha pili. Kidawa aliyaona macho yale, akajiambia kwamba Mize anajifanya tu hana kinyongo.

Ikaundwa Kamati ya Kuchagua Kigari Kinachofanana, na Kidawa akaitwa Bohari Kuu ya Serikali kuja kuchagua. Cha kwanza alichoonyeshwa kilikuwa cha magurudumu manne, kikubwa, kimeagizwa kwa ajili ya watoto wa mawaziri, kina taa na pahali pa kuchomeka bendera. Kikapelekwa nyumbani kwake kujaribiwa, kikagoma mlangoni. Kamati ikashauri nyumba ibomolewe. Makame akakataa, ikaandikwa kwamba familia haitoi ushirikiano.

Cha pili kilikuwa toroli la kubebea zege, limewekwa mto. Kidawa akasema hili lina gurudumu moja. Mtaalamu wa kamati, mwenye shahada zake, akamwelimisha kwamba gurudumu moja ukijumlisha na miguu miwili ya mama unapata tatu, na kwamba mahesabu hayana siasa. Kidawa akasema halifanani. Hapo wajumbe wakanong'onezana, wakatoka, wakarudi wanasukuma bajaji.

"Matatu," alisema Naibu. "Yahesabu mwenyewe."

"Cha Mize kinajikunja," akajibu Kidawa.

Hawakuwa watu wa kushindwa. Wakaita kijiko cha kujengea barabara, ambacho kwa bahati kilikuwa hakina barabara ya kujenga, na bajaji ya serikali ikakunjika mbele ya macho yao, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Bado haikuenea uvunguni.

Ndipo ikaamuliwa kwamba kabla ya kutafuta kinachofanana, kamati ikifahamu kwanza kigari chenyewe. Kikaletwa bohari, lakiri zikafunguliwa kwa heshima. Profesa mmoja akatoa mada kwamba gurudumu la mbele ndilo Kiongozi, linageukia litakako, na yale ya nyuma ni wananchi, yanafuata bila kuuliza, kwa hiyo hakuna chombo cha kizalendo zaidi ya hiki. Mwingine akahoji: ikiwa ni hivyo, mbona chajikunja? Je, taifa nalo lajikunja? Wajumbe wakaanza kutazama mlango kwa woga. Naibu, ili kuwatoa watu wasiwasi, akasema atakaa mwenyewe aone kama kweli kinajikunja. Akakaa. Kilijikunja.

Redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa amejikunja kwa ajili ya taifa na anaendelea vizuri. Wataalamu walivuta miguu, wakavuta kichwa, wakapaka mafuta, mwisho wakamtuma dereva akamlete Mize, maana hakuna mwingine aliyejua kitufe kilipo. Mize akaja na Khatibu mgongoni, akainama, akabonyeza. Mheshimiwa akatoka mzima isipokuwa vifungo. Mize akamnyoosha koti, akamuuliza kama ameumia popote. Kidawa alisimama kando akiona jinsi wakubwa wale wote wanavyomshukuru Mize, na roho ikamuuma upya, mahali ambapo haikuwa imeuma bado.

Naibu alitaka shauri hili liishe kabla ya mtu mwingine kuketi. Akatoa uamuzi kwamba kwa kuwa nchi nzima hakuna kinachofanana na kigari hiki ila kigari hiki chenyewe, basi apewe Bi Kidawa. Na Bi Mize asihuzunike, kwani kuanzia leo ni zamu yake kuona kijicho, na serikali inamtakia kila la heri.

Enhe! Kidawa akakisukuma kigari hadi nyumbani akapita na njia ndefu. Kesho yake akampamba Riziki, akakisukuma mbele ya mlango wa Mize kwenda, akakisukuma kurudi. Alikuwa akingoja jambo moja: aone uso wa Mize ukibadilika, asikie walau kamsonyo kadogo nyuma ya mlango, ili wawe sawa na yaishe, wapeane tena sahani. Mize akatoka na Khatibu mgongoni, ndoo mkononi, akasimama akamtazama mtoto.

"Kumbe kijani kinampendeza Riziki," alisema, akaenda zake kisimani.

Siku zile Kidawa hakupata raha. Kigari kilikuwa chepesi, chapita kila mlango, chalala uvunguni kama kilivyoahidi, na hakikuwa na ladha. Aliona wivu wa jinsi Mize alivyokuwa hana wivu. Ni kitu gani alichonacho ndani mle hata asiumwe roho? Na amekipata wapi yeye peke yake?

Idara nayo ilishtuka. Haikuwahi kutokea mtu apewe zamu asiitumie. Mpima Misonyo akaja mwenyewe nyumbani kwa Mize, akamsihi kwa upole asonye, walau kidogo, walau kwa kumsaidia mtumishi wa umma. Kidawa alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa ua, sikio kwenye tundu.

"Nisonye kwa lipi, bwana?" Mize alisema. "Angeniambia tu, ningempa. Hajui kuniomba siku hizi, hilo ndilo linaniuma."

Mpima akaandika kwamba mgonjwa ana upungufu mkubwa wa kijicho, na kwamba ugonjwa huu waambukiza, ukiachwa mtaani watu watapona wote. Naibu akaagiza tiba. Mize ahamishiwe Upepo, mtaa wa vigogo, kwenye vitu vya kutamanika hata jiwe lingesonya: nyumba za bustani, na mabomba ambayo ukifungua yanatoa maji. Nyumba yake ya zamani apewe Mpima, ili awe karibu na wananchi.

Asubuhi ya kuhama, Mize alikuja kwenye tundu la ua. Akaita, "Kidawa, shoga yangu, mimi nakwenda." Akaita tena. Kidawa alikuwa nyuma ya mlango wake, mgongo umeegemea ukuta, mkono ameuweka mdomoni mwa Riziki asije akaitika. Alisikia gari likiondoka, ndipo akautoa mkono.

Alivumilia mpaka alipochoka kuvumilia. Akamtia Riziki kwenye kigari, akasukuma mguu kwa mguu hadi Upepo. Bustani hakuiona. Mabomba hakuyaona. Aliona ukuta mfupi mweupe, na juu yake sahani ya maandazi inapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mkono mmoja ulikuwa wa Mize. Wa pili ulikuwa wa mke wa waziri mmoja aitwaye Bi Nuwaira, mwanamke mnene mwenye bangili, naye alikuwa anamwita Mize shoga. Mize akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile, hakuongeza wala hakupunguza.

Kidawa akageuza kigari palepale. Idarani hakungoja kukalishwa. Alifungua kinywa asonye, msonyo ukatoka ukakatika katikati, kikatoka kilio, kikawa kirefu. Mpima alivua kofia. Alisema huko ng'ambo alikosomea waliwahi kuambiwa kwamba upo msonyo wa aina hii, lakini hakutegemea kuusikia kabla ya kustaafu.

"Unamwonea nani kijicho, mama?"

"Bi Nuwaira."

"Ana nini?"

"Ana Mize."

Ndugu zangu, idara haijawahi kukimbia vile. Kabla Kidawa hajapangusa uso, Mize alikuwa ameshaletwa Bohari Kuu, amewekwa nyuma ya nondo, lakiri nyekundu kwenye kufuli, na Khatibu pamoja naye, kwa kuwa kifaa hufungwa na viambatanisho vyake. Kidawa alipofika huko akamshika Naibu koti. Alimwambia hakutaka Mize afungwe, alitaka arudi. Naibu akamjibu kwa ukarimu kwamba kwenye sheria hakuna neno kurudi, kuna kufanana tu, na kwamba hana haja ya kulia. Ataletewa majirani achague. Siku atakayosema huyu amefanana, Bi Mize atatoka na kurudi kwake.

Wakaanza kuletwa. Serikali haikubana matumizi: wanawake walifundishwa kupitisha sahani, kuita shoga, kucheka kwa kuanzia juu. Mmoja alicheka vizuri lakini sahani akaipitisha kwa mkono wa kushoto. Mwingine alikuja na maandazi ya kununua. Kidawa alikuja kila siku na kigari chake, akaketi karibu na nondo, akawatazama, akatikisa kichwa, halafu akabaki akiongea na Mize mpaka walinzi wafunge. Waliongea habari za meno ya Khatibu. Waliongea habari za Riziki kuanza kusimama dede. Hapakuwa na Bi Nuwaira. Mke wa waziri haji bohari. Makame alimwambia mkewe nyumbani, aseme tu yeyote amefanana, mwenzake atoke. Kidawa akamwambia kazi ya serikali haifanywi ovyo.

Halafu akaletwa mwanamke mmoja kutoka wilaya za juu. Hakufundishwa na mtu. Alifika, akaona watoto, akamtoa Riziki kwenye kigari akampangusa kamasi kwa upindo wa kanga yake, akamuuliza Kidawa kama amekula. Wajumbe wakakaa sawa vitini. Mize mwenyewe akasogea kwenye nondo, akamtazama yule mwanamke kwa muda, akatabasamu.

"Sema huyu, Kidawa," alisema taratibu. "Ni mtu mwema, naona. Khatibu ana joto tangu jana, humu hamna hewa. Ukisema, leo nalala kwangu."

"Kwako wapi?"

Mize hakuwahi kumdanganya tangu enzi za mchanga, na hata sasa, alipofikiria, hakuweza.

"Upepo," alisema.

Kidawa alimtazama yule mwanamke wa wilaya za juu. Akaitazama mikono yake, iliyokuwa bado imempakata Riziki, na Riziki ametulia. Akamtazama Khatibu, mashavu mekundu, kichwa kimelala begani kwa mama yake. Kamati nzima ilimtazama yeye. Akamchukua mwanawe akamrudisha kwenye kigari na kumfunga mkanda vizuri.

"Bado," alimwambia Naibu. "Hajafanana."

Naibu akamshukuru kwa uzalendo wake, akaagiza aletwe mwingine kesho.